Mshonaji Asiyejulikana wa Mill Street

Anaitwa Verna Hudak. Nalitaja mapema jina lake, maana chuo kikuu chetu kilikaa naye miaka thelathini chini ya paa moja, kikashindwa kuliandika kwenye kikaratasi kisichozidi kiganja.

Mimi ni Lyle Pruitt, msimamizi wa jukwaa katika Ukumbi wa Mill Street hapa Brackett, Pennsylvania. Kazi yangu ni kuhakikisha taa zinawaka kwa wakati, waigizaji wanaingia kwa mlango unaotakiwa, na pazia halimwangukii mtu. Nilianza mwaka 1976. Ya kabla ya hapo niliyasikia kwa Verna mwenyewe, na kwa wanawake waliokuwa naye tangu mwanzo, kabla hawajaanza kufariki mmoja mmoja.

Verna alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Baba yake alikuwa Mslovakia wa kwenye tanuru, mama yake mpishi wa harusi za kanisani. Akiwa na miaka kumi na saba aliingia kiwanda cha mashati cha Mill Street, akapangiwa kushona kola. Alishona kola tupu miaka kumi na minne. Novemba 1967 wanawake walifika kazini asubuhi wakakuta mlango umefungwa kwa mnyororo na tangazo limebandikwa. Wenye kiwanda walikuwa wamehamishia kazi majimbo ya kusini, kwenye mishahara midogo. Jengo wakakizawadia chuo kikuu, wakapigwa picha wakipeana mikono.

Pale chuoni alikuwapo Profesa Ambrose Teller, mwalimu wa maigizo, aliyekuwa akililia ukumbi kwa miaka. Alitaka kundi moja la waigizaji wa kulipwa, wanaoishi hapahapa mjini, wacheze michezo mitatu minne kwa zamu, leo huu kesho ule, na wanafunzi wajifunze kazi ubavuni mwao. Chuo kikampa lile jengo na funguo. Basi. Asubuhi moja ya Februari akaenda kuliangalia akakuta mnyororo umekatwa na wanawake kumi na wawili wamo ndani, wanakusanya aproni zao, mikasi yao, na mito midogo ya kukalia.

"Nyie ni kina nani?" akauliza. Alidhani ni wezi.

"Sisi ndio wenye nyumba," Verna akamjibu. "Wewe ndiye nani? Na angalia hapo ulipo, sakafu ina mafuta ya mashine, viatu vyako hivyo ni vya zulia."

Hajamaliza, profesa akateleza akakaa chini pwaa! Wakamcheka mpaka wakaishiwa pumzi, kisha wakamnyanyua, wakampa kahawa ya kwenye chupa. Ndipo akawaambia shida yake. Alikuwa na mchezo wa vita wa kufungulia ukumbi, na hakuwa na hata koti moja la askari.

"Unataka mangapi?" Verna akauliza.

"Arobaini."

"Lini?"

"Baada ya siku tisa nina wageni wa kuja kutazama mazoezi. Najua haiwezekani."

"Haiwezekani kwako," Verna akasema. "Sisi tulikuwa tunatoa mashati mia sita kwa siku. Tafuta kitambaa, mzee, acha kulia."

Makoti arobaini yakatoka siku ya nane. Cherehani zilikuwa zilezile kuukuu walizoziacha wenye kiwanda kwa sababu hazikustahili nauli. Waume zao, wakitoka zamu ya tanuru, walikuja kupigilia viti. Aprili 1968 ukumbi ukafunguliwa, na safu ya mbele walikaa wanawake wa kola na mashati, wamevaa kofia zao za kanisani. Hivyo ndivyo ukumbi huu ulivyoanza. Mtu akikusimulia vinginevyo, amekudanganya.

Wengine baadaye walipata kazi kwingine. Verna alibaki, akawa mkuu wa chumba cha mavazi. Nilipomkuta mimi, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mwokaji mikate, pini mdomoni tangu asubuhi, na bado anaongea vizuri tu, anagomba vizuri zaidi. Aliwagombeza wote, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na mwigizaji mkuu.

"Nyoosha mgongo wewe! Nimekupa koti la jenerali, umesimama kama gunia la viazi!"

Alikuwa na desturi moja. Nguo ikishaisha, alishona ndani ya kola kipande cha utepe mweupe chenye jina la mwigizaji. Nguo ikivaliwa na mwingine mwaka mwingine, la kwanza halitolewi. La pili linashonwa chini yake. Kulikuwa na makoti yenye majina tisa. Na si ya waigizaji wa kulipwa peke yao. Mchezo ukihitaji umati wa watu, tuliwaomba watu wa mjini: tarishi, daktari wa meno, muuza nyama na binti zake. Wote walishonewa majina.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Roscoe Tibbs. Roscoe alikuja kutoka Cleveland mwaka 1972, mwigizaji wa kwanza mweusi katika kundi letu, sauti yake ikijaza ukumbi bila yeye kujikaza. Alizunguka mjini siku tatu akitafuta chumba. Kwenye simu chumba kipo. Akifika mlangoni chumba kimeshachukuliwa. Verna alipoambiwa, alitema pini zote kwenye kisahani, akavaa koti, akampeleka nyumbani kwake kwenye chumba cha juu ya gereji. Jirani alipochungulia dirishani, Verna alimpigia kelele kutoka barabarani: "Unatazama nini, Stella? Huyu analipa kodi kwa wakati, mumeo anaweza?" Roscoe alikaa pale miaka minne, mpaka alipomwoa Odessa, muuguzi. Verna ndiye aliyeshona gauni la harusi.

Basi hao ndio waliokuwa ukumbi. Roscoe alicheza humo miaka ishirini na sita. Watu wa Brackett walizeeka naye. Walimwona akiwa kijana wa mapenzi, wakamwona baba, wakamwona mfalme anayepotewa na akili, na kesho yake asubuhi walimkuta dukani akichagua vitunguu.

Profesa Teller alifariki mwaka 1989. Mwaka 1996 chuo kikatuletea mkuu wa kitivo mpya, Dakta Carleton Voss. Mtu laini, nadhifu, meno yamepangika. Nilimwona akikaa mpaka mwisho wa mchezo mara moja tu. Alipenda kuzungumzia "taswira" ya ukumbi. Alipomtembelea Verna mara ya kwanza, aligusa rafu za nguo kwa ncha ya kidole, akauliza kama chumba kile kingefaa kuwa sebule ya wafadhili.

Mwaka 1998 ukumbi ulitimiza miaka thelathini. Voss akaagiza yatengenezwe maonyesho ya historia katika ukumbi wa kupokelea wageni, picha kubwakubwa na maelezo chini yake. Yakatundikwa Jumatatu moja ya Oktoba. Verna alikuwa anapita na mfuko wa vifungo. Akasimama.

Picha ilikuwa kubwa kama mlango. Ni Verna, kijana, ameinama kwenye cherehani, na nyuma yake Profesa Teller amenyoosha kidole. Chini wameandika: "Profesa Ambrose Teller, mwanzilishi, akimwelekeza mshonaji asiyejulikana."

Nilikuwa ngazini nikifunga taa. Niliusikia mfuko wa vifungo ukianguka.

"Akimwelekeza?" Verna akasema. "Lyle, shuka hapo. Soma hiki. Akimwelekeza nini? Yule bwana, Mungu amrehemu, alikuwa hajui kutia uzi kwenye sindano! Hapa alikuwa ananiuliza choo kiko wapi!"

Akaja binti wa ofisi ya habari, anatabasamu. "Bi Hudak, tuliulizia sana. Hakuna aliyemjua huyo mama."

"Mlimuuliza nani?"

"Tuliangalia kwenye kumbukumbu za chuo."

"Mimi nilikuwa ghorofani, mwanangu. Ngazi kumi na sita. Kila siku, miaka thelathini. Tena gauni ulilovaa juzi kwenye sherehe ni mimi niliyekupunguzia kiuno."

Binti akawa mwekundu, akaahidi kurekebisha. Hawakurekebisha. Baadaye tuliambiwa kwamba maandishi yalishapitishwa.

Hilo peke yake Verna angelimeza, nadhani. Angegomba wiki nzima, halafu angelimeza. Lakini Alhamisi ya wiki ileile, saa nne asubuhi, waigizaji wanane wa kundi letu walikuta bahasha kwenye visanduku vyao vya barua. Kuanzia msimu ujao hakutakuwa na kundi la kudumu. Waigizaji wataletwa kutoka New York kwa kila mchezo, na nafasi ndogo watacheza wanafunzi bila malipo. Chuo kinawashukuru kwa utumishi wao. Bahasha zile ziliwekwa siku ya mazoezi ya mwisho, siku mbili kabla ya onyesho la sherehe lililopangwa mchana wa Jumamosi.

Odessa, mke wa Roscoe, wakati huo figo zilikuwa zimekufa. Alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na bima ya matibabu ilitokana na kazi ya Roscoe. Voss alilijua hilo. Alishamtumia kadi ya pole.

Verna aliisoma barua ya Roscoe akiwa amesimama. Akaikunja, akamrudishia. "Vua koti, nikushikize hicho kifungo," akamwambia taratibu, na sindano ikamchoma mara mbili. Kisha akanigeukia. "Twende."

Tulimkuta Voss mezani. Alinyanyuka, akamvutia Verna kiti. Verna hakukaa.

"Verna, najua ni siku ngumu," Voss akasema. "Lakini wewe usiwe na wasiwasi. Chumba cha mavazi kinabaki. Na wewe Lyle unabaki. Nyinyi ndio moyo wa jengo hili."

"Roscoe ni nini? Kucha?"

"Ni mwigizaji mzuri sana. Ila taswira yetu…"

"Usiniletee taswira. Mkewe anaumwa. Miaka ishirini na sita mtu huyu anawajazia viti, halafu unamwekea bahasha kwenye kisanduku kama tangazo la duka? Hukuweza kutembea hatua hamsini ukamwambia kwa mdomo? Miguu ilikuwa inauma?"

"Bi Hudak, tuheshimiane."

"Heshima nimeleta. Sijaiona yako. Kwenye picha mmenitundika hamnijui, leo mimi ni moyo! Moyo usio na jina! Lyle, sema na wewe."

Nikatazama zulia. Nilikuwa na watoto wawili chuoni hapohapo, wakisoma bure kwa sababu ya kazi yangu. Nikasema kitu kama, labda Dakta atalitazama upya. Verna aliniangalia sekunde moja tu. Ningependelea anipige kofi.

Ijumaa waigizaji walikutana chumba cha mavazi. Verna alitaka wagome: wageni wa Voss wakae wakitazama pazia. Wawili walimuunga mkono. Roscoe akatikisa kichwa.

"Hapana, dada. Nimecheza na homa, nimecheza siku niliyomzika mama. Watu wamekata tikiti kuniona mimi, sio Voss. Sitawafungia mlango."

"Kwa hiyo unataka tuwatumbuize, halafu tuwaage kwa adabu?"

"Nataka kucheza. Wewe kama una hasira, na unayo, nakuona pua inavyofutuka, ifanyie kazi unayoijua."

Verna akazitazama rafu za nguo. Kisha akasema, "Mtacheza na nguo zenu za nyumbani. Mavazi nayahitaji."

Jumamosi, saa sita mchana, milango ilipofunguliwa, zile picha za Voss hazikuonekana. Verna na waigizaji walikuwa wameshusha kutoka ghorofani rafu zote za kutundikia nguo, wakazipanga mbele ya picha, kuta zote nne, na kwenye ngazi, na kwenye kaunta ya makoti. Magauni, makoti ya askari, majoho ya wafalme. Kila nguo imegeuzwa kola nje. Verna hakuweka bango lolote. Alisimama katikati amevaa nguo yake nyeusi ya kanisani, mikono nyuma.

Mwanzoni watu walidhani ni mapambo ya sherehe. Kisha mzee mmoja, tarishi mstaafu, akasogeza miwani. "Hili ni langu!" akapaza sauti. "Nilikuwa askari wa tatu, nilikufa dakika ya tano! Hili hapa jina langu!" Mwanamke mwingine alikuta jina la mumewe aliyefariki, akashika kola ile asiiachie. Wakaanza kuitana. Waliokuja kukaa wakawa hawakai, wanapekua, wanasoma kwa sauti. Jina la Roscoe lilikuwa kila mahali. Waigizaji wakawaambia habari za bahasha, bila kuficha, mmoja baada ya mwingine.

Voss akaja na wafadhili wake, uso umebadilika rangi. Akamwita Denny, mlinzi wa chuo. "Ondoa takataka hizi."

Denny akatazama nguo, akamtazama Verna. "Dakta, mimi nguo za Verna sizigusi. Niliwahi kugusa mara moja, mwaka themanini na nne. Ziguse wewe."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile hakikuwa kizuri. Voss aliingia ukumbini akakaa. Siku hiyo tu ndiyo alitazama mchezo mpaka mwisho, kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa imejaa watu. Roscoe alicheza tajiri wa kale akiwa amevaa sweta lake la kahawia lililotoboka kiwiko. Nimesimamia maonyesho zaidi ya elfu mbili. Sijaona watu wakisikiliza vile.

Ningependa kukwambia kwamba tulishinda. Gazeti liliandika, barua zilimiminika, chuo kikaogopa. Kundi likaongezewa msimu mmoja. Msimu mmoja! Kama mtu anayekwambia hakupigi leo, atakupiga kesho. Bima ya Odessa ilidumu kiasi hicho, na yeye hakudumu. Alifariki mwezi Machi. Roscoe akahamia Cleveland kwa binti yake. Niliambiwa anafundisha watoto kusoma kwenye maktaba. Ile picha waliiondoa, wakasema ni kwa ajili ya kupaka rangi.

Verna walimstaafisha Juni 2000. Voss hakuthubutu kumwambia mwenyewe, alipeleka bahasha. Halafu nguo zikauzwa kwa jumla kwa kampuni ya kukodisha mavazi ya mbali. Lori lilipangiwa kuja Ijumaa. Verna alikuja Jumatatu na kiti cha kukunja na kisu cha kufumulia mshono, akakaa siku nne akitoa majina. Wanawake watatu waliobaki kati ya wale kumi na wawili walikuja kumsaidia. Mmoja alikuwa haoni vizuri, akawa anafumua kwa kupapasa. Mtu wa ofisi ya sheria alimwambia anaharibu mali ya chuo.

"Nishitaki," Verna akamwambia. "Ila uniandike jina. Verna, Hudak. Nikutajie herufi?"

Hawakumshitaki. Majina yale aliyapeleka kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, na ya waliokufa aliyapeleka kwa watoto wao. Ilimchukua kiangazi chote.

Na mimi? Mimi nilibaki. Nilisaini mkataba mpya. Nikasimamia waigizaji wa New York waliokuwa hawajui barabara ya kwenda dukani, na chumba cha mavazi kikawa sebule ya wafadhili, na mimi ndimi niliyewaonyesha mafundi mahali pa kutoboa ukuta. Voss alipata cheo kikubwa zaidi katika chuo kingine. Viti vikaanza kubaki vitupu, wakashangaa kwa nini.

Miaka miwili Verna hakuongea na mimi. Tukikutana barabarani alivuka upande wa pili, mwanamke wa miaka sitini na sita, kwenye barafu. Majira ya kuchipua yaliyopita, mtoto wangu wa mwisho alipomaliza masomo, niliacha kazi. Siku ileile nikaenda kwake. Alikuwa sebuleni kwake anapunguza gauni la bibi harusi, pini mdomoni.

"Nimeacha kazi," nikamwambia.

"Umeacha baada ya kupata ulichotaka."

"Ndiyo."

"Alhamisi ile ungesema neno moja tu. Nisingekudai mawili."

"Najua, Verna."

"Hujui. Usinijibu kwa upole, upole wako ndio ulionichefua." Akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto, taratibu sana. "Roscoe alinipigia simu Jumapili. Amekuulizia. Mimi nilimwambia sijui kama uko hai."

Akaenda jikoni. Nilisikia siagi ikichemka, na harufu ya kabichi na vitunguu ikaja mpaka nilipokuwa nimesimama. Akarudi na sahani ya makaroni ya kabichi, akaitua mezani kwa kishindo.

"Sijakusamehe," akasema. "Kaa ule, halafu utanishikia hili gauni nipime pindo. Na uvue viatu, nimetoka kupiga deki."

Nikavua viatu, nikala.